Stenti ya kichwani: kabla ya bei, ulizeni vidonge

Barua za afya. Anajibu nesi mstaafu wa chumba cha upasuaji, Kikwajuni, Unguja.

*Shikamoo Bibi. Mie msomaji wako wa Wete. Mama yangu ana miaka 54, ana presha ya siku nyingi, hajapata kuvuta sigara. Mwezi wa Shaaban alipelekwa Dar es Salaam kwa kizunguzungu, akapigwa MRI, wakakuta kwenye mshipa wa damu wa kichwani, upande wa mbele, karibu na unapochipuka mshipa wa jicho, pana kifuko cha milimita 8 chenye shingo pana. Hakijapasuka. Daktari anataka kumwingilia kwa mshipa wa kinena, amtie stenti na koili. Mjomba anasema hayo majaribio, kichwa cha mtu hakichezewi, tumwache. Kaka yangu yuko Muscat, yeye anataka apelekwe India. Mama mwenyewe ukimuuliza anajibu "mnavyoona nyinyi". Mama mdogo, nduguye wa tumbo moja, alifariki miaka ya nyuma, kichwa kilimshika ghafla yuko jikoni, hakufika hata hospitali. Nini hasa hiyo stenti? Chuma hicho atakaa nacho mpaka lini? Na ataweza kufunga na kwenda Hija?*
*Binti wa Wete*

Marahaba mwanangu. Barua yako ilikuwa ndefu kuliko hivi nilivyoichapa, na nimefurahi ulivyoandika vipimo vyote, maana wengi huniandikia "mama ana tatizo la mshipa" kisha wanataka nijibu.

Kwanza mtulie. Kifuko hicho hakikuota jana. Katika kila watu wazima 100, kama 3 hivi wanatembea na kifuko cha namna hiyo kichwani, na wengi wao watazikwa kwa maradhi mengine bila kujua kama walikuwa nacho. Hata hicho kizunguzungu huenda hakihusiani nacho kabisa. Kimeonekana kwa sababu mashine imepita hapo. Kwa hiyo mna wiki za kufikiri, si saa. Kisichosubiri ni presha. Dawa zake za presha azimeze kila siku, kuanzia leo, mkate shauri la kutibiwa au msikate.

Madaktari hukiita aniurizimu. Mishipa mikubwa inayolisha ubongo hukutana chini yake na kufanya duara, na kutoka hapo inagawanyika matawi. Pale penye panda ndipo damu inapogonga kwa nguvu kila moyo unapopiga. Ukuta wa mshipa ukiwa dhaifu pahala hapo, kidogo kidogo husukumwa nje, na kadiri unavyosukumwa ndivyo unavyokuwa mwembamba. Sigara na presha huharakisha. Wanawake hupata zaidi kuliko wanaume. Kikipasuka, damu humwagika kuzunguka ubongo, na hapo si mchezo tena: katika kila wagonjwa watatu, mmoja au zaidi hufa, na wengi katika wanaobaki hawarudi walivyokuwa.

Sasa hesabu, kwa sababu mjomba wako na daktari wanabishana juu ya hesabu bila ya kuitaja. Mwaka 2003 ulichapishwa uchunguzi mkubwa uliowafuatilia wagonjwa wa Marekani, Kanada na Ulaya wenye vifuko visivyopasuka. Kwa walioachwa bila kutibiwa, kifuko cha milimita 7 hadi 12 kilichopo upande wa mbele kilipasuka, ndani ya miaka 5, kwa watu 26 katika kila 1000. Ukubwa huohuo kikiwa nyuma, au kwenye mshipa mdogo unaounganisha mbele na nyuma, walikuwa 145 katika kila 1000. Umeona tafauti? Ndiyo maana nikafurahi umeniandikia kiko wapi. Mtu akikwambia "kifuko cha milimita 8" tu, hajakwambia kitu.

Upande wa pili kuna hatari ya tiba yenyewe. Ukijumlisha taarifa za hospitali nyingi za nje, tiba ya kupitia ndani ya mshipa huleta madhara kwa takriban watu 5 katika kila 100, na kifo kwa chini ya 1 katika 100. Madhara makubwa ni kiharusi, damu ikiganda pale wanapofanya kazi, au kifuko kupasuka mkononi mwao. Stenti, kwa kuwa ni wavu wa chuma unaobaki ndani ya mshipa wenyewe, huongeza kidogo hatari hiyo kulinganisha na koili, yaani nyuzi za madini za kujazia kifuko, peke yake.

Mjomba akisikia hizi atasema, "Si hayo niliyokuwa nikiyasema! Watano kwa mia leo, ili kukimbia watatu kwa mia kwa miaka mitano?" Kwa bibi wa miaka 80 ningekaa upande wake. Lakini mama yako ana miaka 54. Mungu akimpa umri, ana miaka 25 au 30 mbele yake, na hatari ya kifuko haishi baada ya miaka 5, inaendelea kujikusanya. Ana presha. Na yuko huyo mama mdogo aliyefia jikoni. Hakuna aliyempiga picha, kwa hiyo hakuna awezaye kuapa alikufa kwa nini, lakini kichwa cha ghafla kilichomuua mtu palepale, kwa ndugu wa tumbo moja na mwenye kifuko, mie silipuuzi hata kidogo. Mwambieni daktari habari ya mama mdogo. Barua yako hainionyeshi kama mlimwambia. Kwa niliyoyasoma, naegemea upande wa kutibiwa. Mwenye kuona picha ndiye mwenye neno la mwisho.

Na nikwambie jengine ambalo mjomba hatalipenda. Mtu mwenye ndugu wawili wa karibu kabisa, yaani mzazi, mtoto au ndugu wa kuzaliwa, waliokuwa na aniurizimu au damu ya namna hiyo kichwani, hushauriwa apigwe picha ya mishipa ya kichwa hata kama haumwi kitu. Wewe unaye mmoja tu wa karibu hivyo, mama. Mama mdogo kwako yuko hatua ya pili. Mjomba ni nduguyao wote wawili. Basi kama mama mdogo alikufa kwa maradhi hayohayo, anayestahiki kupigwa picha kabla ya wewe ni yeye anayesema tuwache. Kuna MRI ya mishipa isiyohitaji hata sindano ya dawa, alale tu ndani ya mashine ile yenye makelele. Na kama anavuta sigara, aache leo.

Kuhusu "majaribio". Aniurizimu ya kwanza kubanwa shingoni kwa klipu, yaani kibanio kidogo cha chuma, fuvu likiwa limefunguliwa, aliibana Walter Dandy kule Baltimore mwaka 1937. Njia ya kupita ndani ya mshipa ilikuja baadaye sana: Guido Guglielmi, Mtaliana aliyekuwa Los Angeles, alianza kutumia koili za platinamu kwa wagonjwa mwaka 1990. Ni nyuzi laini sana za madini, zinasukumwa ndani ya kifuko zikajikunja, kisha zinaachishwa na waya wake kwa umeme mdogo. Damu ndani ya kifuko hutulia, ikaganda, ikaacha kusukuma ukuta. Mwaka 2002 ukatoka uchunguzi wa wagonjwa 2143 ambao vifuko vyao vilikuwa vimeshapasuka na vingeweza kutibiwa kwa njia zote mbili. Baada ya mwaka mmoja, waliokufa au kubaki hawajiwezi walikuwa 23.7 katika kila 100 kwa koili, na 30.6 kwa klipu. Toka hapo koili ikashika njia duniani kote.

Lakini koili ina adui wake, naye ndiye huyo uliyemtaja: shingo pana, yaani mdomo wa kifuko ulio wazi mno. Madaktari wanahesabu shingo kuwa pana ikifika milimita 4, au kifuko chenyewe kisipofika upana mara mbili wa shingo yake. Hapo ukijaza koili, zinateremka na kuingia kwenye mshipa mkuu, na koili ndani ya mshipa mkuu ni kiharusi. Ndipo ilipoingia stenti. Mwaka 1997 madaktari wa California walitoa taarifa ya mgonjwa waliyemtibu kwa stenti iliyotengenezwa kwa ajili ya mishipa ya moyo, kwa kuwa ya kichwani haikuwepo bado. Mwaka 2002 Marekani ikaruhusu ya kwanza iliyotengenezwa khasa kwa ubongo. Kwa hiyo mwambie mjomba: ni mpya kuliko penisilini, lakini wajukuu zake hawajazaliwa wakati inaanza.

Stenti ni mrija wa wavu mwembamba sana, wa madini ya nikeli na titani yanayokumbuka umbo lake: unaukunja ndani ya katheta, yaani mpira mwembamba wa kupitisha ndani ya mshipa, ukiuachia unafunguka wenyewe na kuegemea kuta za mshipa. Wewe wa Wete dema unalijua. Maji yanapita kwenye matundu yake, samaki hatoki. Basi stenti inapita mbele ya mdomo wa kifuko ndani ya mshipa mkuu: damu ya kwenda kwenye ubongo inaendelea na safari yake, koili zilizomo kifukoni hazipati pa kutokea. Faida ya pili, vifuko vilivyotiwa stenti pamoja na koili havifunguki tena mara nyingi kama vile vya koili tupu, ambavyo kama kimoja katika vitano hurudi kujaa damu kwa kiasi fulani.

Ipo na stenti ya aina nyingine, ya wavu uliosukwa karibu karibu sana, ambayo mara nyingi haihitaji koili kabisa. Yenyewe inageuza mkondo wa damu upite kando na kukinyima kifuko. Marekani iliruhusu ya kwanza mwaka 2011, na ilikusudiwa vifuko vikubwa vya mshipa huohuo wa mama yako. Muulizeni daktari kwa nini amechagua ile na si hii. Si kumtega, jibu lake litawaonyesha ameifikiria picha ya mama kiasi gani.

Siku yenyewe sitaieleza kwa urefu, kwa sababu ndiyo inayowatisha watu zaidi na ndiyo mgonjwa asiyoiona. Anapewa nusu kaputi, analala. Wanatoboa tundu dogo kwenye mshipa wa kinena, au wa kifundo cha mkono, katheta inapanda hadi shingoni, na ndani yake nyingine nyembamba zaidi hadi kichwani, huku wakitazama kwenye skrini kwa eksirei na dawa ya kung'arisha mishipa. Dawa hiyo hutoka kwa figo, kwa hiyo figo hupimwa kabla. Na kama mama anatumia metfomini ya sukari, aseme. Hakuna kunyolewa kichwa wala mshono wa fuvu. Akiamka atalazwa chali kwa saa kadhaa ili tundu lizibe, na manesi watamchungulia kinena mpaka achoke nao. Mambo yakienda vizuri, kwa kifuko kisichopasuka, hutoka hospitali baada ya siku moja au mbili. Kuvuka bahari mngoje ruhusa. Mie ningekaa kwa jamaa Dar siku kadhaa kabla ya kupanda meli.

Haya, sasa tufike kwenye vidonge, na hapa naomba usome polepole, umsomee na kaka yako kwenye simu.

Wavu wa chuma ndani ya mshipa, damu inauona mgeni. Chembe sahani, zile chembe za damu zinazoigandisha, hukimbilia kuugandia. Zikifanikiwa, stenti inaziba, na mama atakuwa na kiharusi kilichosababishwa na tiba ya kumkinga na kiharusi. Kwa hiyo mtu yeyote anayewekewa stenti ya kichwani hupewa vidonge viwili vya kuzuia kuganda: aspirini na klopidogreli. Kwa kawaida huanza siku kadhaa kabla ya tiba, mara nyingi wiki nzima, na huendelea baadaye: klopidogreli miezi 3 hadi 6 au zaidi, aspirini mwaka mmoja au umri wote. Muda wa mama atautaja daktari wake. Katika miezi hiyo mwili unafunika wavu kwa ngozi ya ndani ya mshipa, na damu inaacha kuuona. Kabla ya hapo, kuacha vidonge kwa siku chache tu kunatosha kuharibu kazi yote.

Mie nimeona familia zinazokusanya fedha za tiba kwa harambee, zinauza shamba la mikarafuu, kisha zinakwama kwenye kidonge. Sababu haikuwa umasikini. Famasi ya karibu iliishiwa, meli haikwenda kwa upepo, begi lililokuwa na dawa liliachwa Unguja, jirani alisema dawa hizo zinaharibu tumbo. Kwa hiyo kabla hamjauliza bei ya stenti, ulizaneni nyumbani: nani atashika vidonge vya mama? Jina moja, si "sote". Mnunue akiba ya mwezi mzima juu ya ile anayotumia. Safarini viwe kwenye mkoba wa mkononi. Mkikaa mkaona hamwezi, mwambieni daktari wazi, kwa sababu klipu ya kufungua fuvu haihitaji vidonge hivi, na kwa familia fulani hiyo ndiyo tiba iliyo salama zaidi. Vilevile kama mama amewahi kutapika damu au ana vidonda vya tumbo, aseme sasa, asisubiri kuulizwa.

Na tumbo lenyewe: watu wengi huku wanameza omeprazoli bila kumwuliza mtu. Omeprazoli hupunguza nguvu ya klopidogreli. Zipo dawa nyingine za tumbo zisizoigusa hivyo, kama pantoprazoli, daktari atachagua. Diklofenaki na brufeni za magoti aziweke kando, zikichanganyika na aspirini humtoboa mtu tumbo. Akiumwa, panadoli. Habbat sauda, vitunguu thaumu vya kumeza, mafuta ya samaki, chochote anachotumia kwa dawa, akiorodheshe amwonyeshe daktari.

Watu fulani wamezaliwa na miili isiyoifanyia kazi klopidogreli vizuri. Hospitali nyingi zinazotia stenti hupima damu kabla ili kujua kama dawa imeshika, na isiposhika hubadilisha, kwa mfano tikagrelori. Tikagrelori humezwa mara mbili kwa siku, kwa hiyo mwenye kushika vidonge ajue. Mwulizeni: "Mtampima kama dawa inamfanyia kazi?" Akikutazama kwa mshangao, uliza swali la pili: ameshatia stenti ngapi za kichwani? Daktari mzuri hachukii swali hilo.

Kuhusu India. Kwanza mpate majibu hapa. Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, tunacho kitengo cha upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo kilichojengwa kwa msaada wa taasisi ya NED ya Hispania, mnaweza kupata mtu wa kuitazama picha na kukaa nanyi. MOI, taasisi ya mifupa na ubongo kule Muhimbili, Dar es Salaam, wana chumba cha kufanyia kazi ndani ya mishipa ya ubongo. Kaka yako ana nia njema, lakini India ni tiba moja. Picha ya marudio baada ya miezi 6 au hivyo, na nyingine baadaye, nani atalipa nauli yake? Mkienda, mrudi na diski ya picha zote na karatasi ya aina ya stenti. Kama ni wanachama wa mfuko wa afya, mkaulize kwa maandishi wanalipa nini kabla ya kukata tiketi.

Chuma atakaa nacho milele, hakitolewi. Nikeli huwasumbua watu wachache. Kama vipuli vya bandia humwasha masikio mpaka yakatoa maji, amwambie daktari. Kufunga: kwa dawa za mara moja kwa siku, Ramadhani haina tabu, ameze kila futari, na daktari awe ameridhia, wiki za mwanzo baada ya tiba asifunge, hiyo ni ruhusa aliyopewa na Mwenyezi Mungu. Hija ningeingoja mpaka picha ya kwanza ya marudio iwe imetoka safi.

Mwisho, hilo la "mnavyoona nyinyi". Kaa naye peke yake baada ya Alasiri, bila mjomba na bila simu ya Muscat, umsomee hesabu nilizoandika. Kichwa ni chake. Anaweza kuogopa kiharusi kuliko kifo, au kinyume chake, na jibu lake linabadilisha shauri.

*Assalaam aleykum Bibi. Mke wangu ametiwa stenti ya kichwani miezi miwili iliyopita, Alhamdulillahi mzima. Anatumia vidonge viwili. Sasa anatoka michubuko kila akigongwa, na fizi zinatoka damu akipiga mswaki. Mama mkwe anasema damu imekuwa chafu, apigwe hijama. Pia ana jino la kung'oa. Asimamishe vidonge kidogo?*
*Makunduchi*

Waaleykum salaam. Asisimamishe hata kimoja. Michubuko na fizi ni dalili kwamba dawa inafanya kazi yake. Atumie mswaki laini. Hijama kwa sasa hapana. Kumchanja mtu aliye kwenye dawa mbili za kuzuia kuganda ni kumtafutia damu isiyosimama, na kusimamisha dawa kwa ajili ya hijama ni vibaya zaidi. Mama mkwe mwambie kwa adabu kwamba hijama haijakimbia, itakuwepo pale daktari atakapompunguzia dawa ikabaki moja, na hata hapo aulizwe. Jino kama linangojeka, lingoje. Kama limetunga usaha, daktari wa meno aambiwe mapema kuhusu stenti na vidonge; kwa kawaida huling'oa huku dawa zikiendelea na kubana pamba kwa muda mrefu zaidi.

Kinachomtaka akimbizwe hospitali ni hivi: kinyesi cheusi tii, kutapika damu, damu ya pua isiyosimama, kichwa kikali cha ghafla, mdomo kwenda upande, mkono au mguu kuishiwa nguvu, maneno kuvurugika, jicho kuingia giza. Kwa hivi vya mwisho msingoje kuona kama vitapita.

Na kwa kuwa dengi tunayo: akipata homa kali na maumivu ya mwili, panadoli tu, kisha hospitali akapimwe chembe sahani. Dengi huzishusha, na mtu aliye kwenye aspirini na klopidogreli hawezi kuachwa hivihivi nyumbani. Lakini asijiamulie mwenyewe kuacha; uamuzi huo mgumu hata kwa madaktari, maana wanapima kutoka damu na kuziba stenti kwa wakati mmoja. Aingie kwa kusema neno "stenti" kabla ya kusema neno "homa".

*Bibi, nitajuaje kichwa kinachouma ni cha kawaida au ndiyo mshipa umepasuka? Nina kipandauso toka niko skuli.*
*Mkoani, Pemba*

Kipandauso chako unakijua kinavyokuja: kinapanda taratibu, kina upande, mwanga unakukera. Kichwa cha mshipa uliopasuka hufika kileleni ndani ya sekunde chache, na watu karibu wote husema neno moja, kwamba hawajapata kuumwa hivyo maishani. Huweza kuja na kutapika, shingo kukakamaa, kuzimia, au kope moja kuanguka. Ukipatwa na hicho, usinywe aspirini, usifukizwe, usilale ukingoje asubuhi, fika hospitali. CT skani ikipigwa ndani ya saa 6 za mwanzo, ni nadra sana kuikosa damu hiyo. Wakishathibitisha, watakupa nimodipini, kidonge cha kulinda ubongo usikose damu, kila saa 4 kwa siku 21, na watatafuta pa kukutibia haraka, kwa sababu kilichopasuka mara moja hupasuka tena, khasa siku ya kwanza.

Na kwa wenye kupasuka, stenti madaktari wengi hujaribu kuikwepa wakiweza, kwa vile vidonge vile viwili si vitu unavyotaka kumpa mtu ambaye damu imeshamwagika kichwani. Hutumia koili peke yake, au koili na puto linalovimbishwa kwa muda mfupi mbele ya shingo kisha likatolewa, au klipu. Ukisikia jirani alipasuka akatibiwa bila stenti, na mwingine hakupasuka akatiwa, usidhani mmoja alipunjwa.

*Je, stenti itapiga kelele uwanja wa ndege? Na akitakiwa MRI nyingine?*
*Msomaji, Jang'ombe*

Mlango wa ukaguzi hautalia. Chuma chenyewe kidogo mno na si aina ya chuma kinachovutwa na sumaku. MRI inawezekana kwa stenti na koili za siku hizi, lakini fundi wa mashine lazima ajue ni aina gani na ilitiwa lini, ndiyo maana hospitali hutoa kadi. Piga picha kadi hiyo kwa simu mbili za watu tafauti, yenyewe uiweke ndani ya pasi ya kusafiria.